Mwaka wa Yale Mabano

Mama Chebet alinipigia simu nikiwa Chepilat, nikipanga viatu vya mitumba juu ya turubai kabla soko halijachangamka. Hakuzungusha maneno. "Ouma, Mchungaji ametuacha. Tunamzika Ijumaa, huku kwao Fort Ternan. Ukiweza, njoo." Nilikwenda. Nilisimama nyuma ya hema pamoja na watu waliokosa viti, nikawasikiliza wachungaji wenzake wakipokezana kipaza sauti, kila mmoja akisema kwamba Mchungaji Sigei alikuwa mwamba, mtu ambaye imani yake haikuwahi kutikisika. Mama Chebet, mjane wake, alikuwa ameinamisha kichwa akitazama viatu vyake. Mimi niliishi kwake mwaka mmoja wa ujana wangu, na nilimwona yule mwamba akitikisika karibu kila Alhamisi. Sikuona kama hilo lilimpunguzia kitu. Lakini mtu wa nyuma ya hema hapewi kipaza sauti, kwa hiyo ninaandika. Majina ya watu nimeyabadilisha, isipokuwa langu, ambalo halina cha kufichwa.

Habari za kwetu kando ya ziwa nitaziruka. Itoshe kwamba shule niliiacha kidato cha pili, nikachuma chai kwenye shamba la kampuni upande wa Kericho mpaka mgongo ukakataa, halafu nikaanza kutembea tu, kazi ambayo sijaiacha hadi leo. Kanisa la Mchungaji Sigei lilikuwa kilimani, nje kidogo ya Bomet, la mabati, na nyuma yake palikuwa na kishamba cha chai cha kanisa, ng'ombe mmoja mkorofi na nyumba ya mbao. Niliomba kibarua cha siku moja cha kupogoa chai, nikakaa mwaka. Walinipa stoo iliyopakana na jiko. Mbao za ukuta zilikuwa zimeachana, kwa hiyo moshi, harufu ya maziwa na mazungumzo yote ya jikoni yalipita na kulala pamoja nami. Jioni tulikula kimyet, yaani ugali mgumu wa kule, na mboga zilizochachushwa kwa maziwa, kisha Mama Chebet alinimiminia mursik, maziwa ya kibuyu yenye majivu ya mti, akanitazama usoni. "Huyu mtoto wa samaki akimaliza kikombe bila kukunja uso," alimwambia mumewe, "tutamtafutia bibi hapa hapa." Nilikunja uso miezi mitatu. Mwezi wa nne niliacha, na hakuna bibi aliyetafutwa.

Alhamisi alasiri, majani ya chai yakishapimwa na watu wakirudi na vikapu vitupu, wazee wa kanisa walikusanyika katika ofisi ndogo iliyokuwa na meza moja na benchi mbili. Kazi yangu ilikuwa kuleta birika na kukaa karibu na mlango ili nimimine tena. Mchungaji alikuwa amerudi kutoka chuo cha theolojia miaka michache nyuma, na alikuwa ameamua kuwafundisha wazee mambo aliyofundishwa yeye. Aliwaambia kwamba vitabu vya Musa vina mikono zaidi ya mmoja ndani yake. Aliwaambia kwamba Injili ya Marko, katika nakala za kale zaidi, inakatika wanawake wakiwa wanakimbia kaburini kwa hofu, na kwamba mistari inayofuata iliongezwa baadaye. Nilikuwa nimeketi pale na birika mapajani. Nilikuwa nimesoma Biblia kwa sababu ndicho kitabu kilichokuwapo kila nilipolala, lakini haikuwahi kunijia kwamba kuna watu walioinakili kwa mkono, wakachoka, wakakosea, wakaongeza.

Wazee wengi walisinzia. Aliyekuwa macho siku zote ni mwenyekiti wao, Mzee Rono, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya kupima majani kiwandani na alikuwa na tabia ya mpimaji: hakuamini jambo mpaka aone mshale wa mizani umetulia. Alikuwa amenunua Biblia mpya ya Kiswahili, yenye maelezo madogo chini ya kurasa, akaishonea mfuko wa kitambaa cha suti. "Mchungaji, rudia hapo," alisema kila mara. "Waliiongeza, au waliikuta mahali pengine wakaileta?" Mchungaji alifurahi, akarudia. Mzee mmoja aliyekuwa akisinzia alifungua jicho na kusema, "Rono, muache mchungaji anywe chai, wewe utamfanya apoteze wokovu." Wakacheka. Niliwahi kuketi baadaye na watu waliosoma sana, mjini na kwingineko, lakini sijaona tena wanaume waliotoka kuchuma chai wakiuliza maswali kama yale huku matope yakikauka kwenye buti zao.

Jikoni mambo yalikuwa tofauti. "Kwa nini usiwahubirie tu kama wenzako?" nilimsikia Mama Chebet akiuliza, akikoroga sufuria.

"Nitahubiri nini kama ninawaficha?"

"Sijasema uwafiche. Lakini ng'ombe aliyezoea majani makavu ukimpa mabichi mengi siku moja, anavimba tumbo. Wewe unajua hivyo. Ng'ombe wa baba yako alikufa hivyo hivyo, ukalia karibu ufe na wewe."

"Hao si ng'ombe, mama."

"Ndiyo. Ng'ombe nikimtoboa tumbo hewa inatoka. Hao utawatoboa wapi?"

Sasa nimtaje aliyekuwa na la kupoteza katika mambo haya. Kogo Taplelei alikuwa mwanamke mzee aliyeishi chini ya kilima. Kogo ni nyanya kwa lugha ya kule. Mume wake alikufa bila mtoto wa kiume, na yeye akafanya ambacho mila ya Wakipsigis inamruhusu mwanamke wa aina hiyo: alitoa ng'ombe, akaoa mwanamke mwenzake, kijana aitwaye Joyce, ili nyumba isimame. Joyce alizaa watoto. Watoto wale walikuwa wa nyumba ya marehemu, walibeba jina lake, wangerithi shamba lake. Nani aliyewazaa halikuwa swali. Kuuliza kulikuwa ni kuitukana nyumba nzima, na mimi, mgeni, nilielezwa hilo mapema ili nisije nikajiponza. Kanisa, hata hivyo, lilikuwa limemtenga Kogo tangu siku ile. Alikaa benchi la nyuma kabisa, hakushiriki Meza ya Bwana, na akifa asingezikwa na kanisa. Angeweza kurudishwa kwa sharti moja, amfukuze Joyce.

Nilimpelekea maziwa mara kwa mara. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja kikubwa, moto katikati, mahindi yamening'inia juu yakikaukia moshi, na Joyce akiingia na kutoka na maji. Kogo alinikalisha kwenye kigoda na kunilisha viazi vya kuchoma. "Wanataka nimfukuze," aliniambia, kana kwamba ananieleza habari za mbuzi. "Huyo ndiye ananiogesha. Nikimfukuza nitaenda kwa hiyo meza nikinuka."

"Na usipoenda, Kogo?"

Alifikiri. "Ule mkate nimeuona ukipita," alisema. "Ni mdogo hivi." Akanionyesha ukucha wa kidole kidogo. "Kama chakula cha kifaranga. Lakini wewe kaa miaka yote hiyo watu wakipitishiwa chakula, sahani inafika kwa jirani yako inarudi. Hata kama hukuwa na njaa, utaipata."

Nilimweleza Mchungaji maneno hayo tukiwa tunakamua ng'ombe. Jumapili iliyofuata alihubiri habari za yule mwanamke aliyekamatwa katika uzinzi akaletwa mbele ya Yesu, wenye mawe wakaondoka mmoja mmoja. Alihubiri vizuri. Hakutaja jina la mtu, na hakuna aliyekosa kuelewa. Akina mama walianza kuitikia kwa mguno ule wa chini unaoanzia tumboni. Kogo aliketi wima benchi la nyuma, mikono juu ya fimbo yake. Joyce alikuwa amebaki nje na watoto, kama kawaida. Mchungaji alitangaza kwamba Alhamisi wazee wataangalia tena habari ya mama yetu mmoja.

Alhamisi hiyo hakuna aliyesinzia. Mzee Rono alitoa Biblia yake kwenye mfuko, akaifungua palepale alipokuwa ameweka uzi. "Mchungaji," alisema, "nimesoma habari uliyohubiri. Hapa imewekwa mabano. Wewe ndiye ulitufundisha kuangalia mabano."

"Ni kweli, Mzee."

"Na chini wameandika kwamba nakala za zamani sana hazina maneno haya."

"Ni kweli."

"Basi naona ni vigumu kanisa kuamua neno kubwa hivi kwa habari ambayo Yohana hakuandika. Au somo sikulishika?"

Hakuwa akimkejeli. Hilo ndilo lililoniuma hata nikiwa kijana: alikuwa mwanafunzi bora ambaye Mchungaji alipata kuwa naye, na alikuwa amelishika somo vilevile lilivyofundishwa. Mchungaji alisugua uso kwa viganja. "Umelishika," alisema. Niliona akitafuta ndani yake, kama mtu anayepapasa mfuko wenye tundu. Kisha uso ukafunguka.

"Wazee, niwaulize jambo la hapa hapa kwetu. Mtoto akizaliwa katika nyumba ya mama aliyeoa, ni wa nani?" Hakuna aliyejibu. Alichukulia kimya kuwa ni ridhaa, akaendelea, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Ni wa nyumba. Hakuna anayeuliza damu yake ilitoka wapi. Anapewa jina, anapewa ng'ombe, anaitwa mtoto wa nyumba. Hii habari nayo ni hivyo. Hatujui ni nani aliyeizaa. Ilizunguka bila kwao. Kuna nakala zilizoiweka kwa Yohana, kuna zilizoiweka kwa Luka. Lakini kanisa liliipa nyumba. Basi ni ya nyumba, kabisa, kama wengine."

Nilidhani ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia mtu akisema. Nilitaka kuweka birika chini ili nilitafakari. Kisha nikawaona wazee. Mmoja alikuwa akitazama mabati. Mwingine alikoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari. Mzee Rono alifunga Biblia, akairudisha kwenye mfuko, akafunga kamba yake bila haraka, akachukua kofia. "Mchungaji, asante kwa chai," alisema, akatoka. Kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Nilielewa nikiwa kitandani kwangu, jioni ile ile, mvua ikianza, kupitia ukuta wa mbao.

"Unajua umefanya nini?" Mama Chebet alikuwa akichambua mboga, nilisikia mashina yakivunjika.

"Nimesema kweli. Na nimeisema kwa lugha yao."

"Umemuuliza Rono baba yake ni nani. Mbele ya wenzake."

Mashina yaliendelea kuvunjika. "Rono?" Mchungaji alisema.

"Mama yake aliolewa na mwanamke. Mimi mwenyewe nimejua mwaka huu, kwa akina mama mtoni, na hawakuniambia, walizunguka tu. Wewe ni wa Fort Ternan, nani angekuambia? Hapa halisemwi. Kila mtu anajua, na halisemwi."

Nilisikia kiti kikisukumwa, na Mchungaji akasema, kwa sauti ya mtu mgonjwa, "Na alikuwa ananipenda, huyu mzee."

Siku iliyofuata alikwenda kwa Rono, mimi nikimbebea kibuyu cha mursik. Tulikaribishwa vizuri. Tuliletewa chai na mahindi ya kuchemsha. Waliongea juu ya ndama aliyeugua na mvua zilizochelewa, kisha juu ya ndama tena. Nilisubiri Mchungaji aombe msamaha, na polepole nikaona kwamba hawezi. Ili aombe msamaha ingebidi aseme ni kwa ajili ya nini, na kusema ndiko kulikokuwa kosa. Mzee Rono naye alijua kilichomleta, na alimsaidia kwa kumwongezea chai kila alipofungua mdomo. Tulitoka matumbo yamejaa, neno bado liko palepale. Njiani Mchungaji hakuzungumza nami, na mimi, ambaye sijawahi kuweza kufunga mdomo, nilifunga.

Masomo ya Alhamisi yalikufa. Hakuna aliyetangaza, mvua ilinyesha wiki moja, wiki nyingine palikuwa na mazishi, basi. Habari ya Kogo iliahirishwa. Mchungaji alihubiri mahubiri mafupi ya zaburi. Siku moja tukichuma chai nyuma ya kanisa nilimuuliza, kwa sababu swali lilikuwa likiniwasha, "Mchungaji, lakini ilitokea? Yule mwanamke na mawe?"

Alichuma viganja kadhaa kabla ya kujibu. "Sijui, Ouma. Kuna siku najua. Nilienda chuoni na Biblia nzima, wakanirudishia vipande, kama baiskeli kwa fundi. Kila kipande nakijua jina. Kazi yangu ni kuiunganisha itembee."

"Na inatembea?"

"Siku nyingine naipanda. Siku nyingi naisukuma." Akatupa majani kwenye kikapu. "Watu wanafikiri ni kusoma kunakochosha. Si kusoma. Ni kusimama pale mbele ukijua kwamba ukisema yote utamwangusha mtu, na usiposema utaanguka wewe, na Jumapili haingoji."

Nimekutana na wengi tangu hapo. Kule kwenye miwa niliishi na kijana aliyesikia habari za mabano redioni akaitupa Biblia yote siku hiyo hiyo, na mhubiri wa sokoni Bomet aliniambia anayetaja mabano atakwenda motoni na mabano yake. Wote wawili walilala usingizi mzuri. Mchungaji Sigei alikuwa akitembea uani kabla jogoo hajawika, nikimsikia kutoka stoo, viatu vyake vikinyonya tope. Sikujua mtu anaweza kuchoka hivyo na asiache.

Kisha Kogo akaugua kifua. Joyce alipanda kilima akasimama nje ya mlango wa jikoni, hakutaka kuingia. "Anasema aulizwe Mchungaji," alisema, "kama atazikwa na kanisa ama atazikwa kama mbwa. Amesema nisipunguze neno." Mchungaji aliita wazee. Sikutegemea Mzee Rono aje, lakini alikuja, akaketi mahali pake, nikammiminia. Wengine walizungumza kwa kuzunguka. Mmoja alisema sharti ni sharti. Mwingine alisema tungoje kidogo, maana wagonjwa wengine hupona. Mchungaji hakutoa hoja yoyote. Nadhani hakuwa nayo. Aliweka tu mikono mezani kama mtu anayesubiri mshale utulie.

Mzee Rono alikunywa chai yake yote kwanza. "Ile habari nimeisoma tena," alisema. "Mabano nimeyaona. Lakini imekaa ndani ya nyumba muda mrefu. Imekula na sisi. Imezika wazee wetu. Mimi sitaki mtu aniulize tena ilitoka wapi."

Hakuna aliyemtazama. Nje mtu alikuwa akifukuza kuku.

"Taplelei yuko ndani ya nyumba," aliendelea. "Na walio kwake."

Karani wa wazee alishika kalamu. "Niandike sharti limeondolewa?"

"Usiandike," Mzee Rono alisema. "Twende tu."

Tulishuka watatu, Mchungaji, Mzee Rono na mimi, nikibeba kapu lenye chupa ya juisi ya zabibu, vikombe na mkate wa dukani. Kogo alikuwa amekalishwa karibu na moto, blanketi mabegani, amepungua mpaka fimbo ilionekana nene. Joyce alitaka kutoka; Kogo alimshika kanga, akabaki, watoto wakiwa wamejipanga ukutani. Mchungaji alisoma maneno ya Meza kwa Kipsigis, taratibu, akamega mkate, akampa kipande kikubwa kuliko desturi. Kogo alikiangalia kiganjani. Kisha akakimega, akamtia Joyce nusu mkononi, akala nusu yake kabla mtu hajasema neno.

Joyce alibaki amekishika. Hakuwa amewahi kushirikishwa chochote na kanisa lile. Jambo hili halikuwa limejadiliwa na mtu. Mchungaji alimgeukia Mzee Rono, na nikaona kwamba hakuwa na andiko, wala nakala ya kale, wala hoja, na kwamba alikuwa amechoka sana. Mzee Rono alikuwa amegeuka akitazama nje kupitia mlango wazi, ambako wingu lilikuwa likishuka juu ya chai.

"Mvua inakuja, Mchungaji," alisema. "Mimina kikombe kingine tumalize."